Rangi ya Kuuzia Nyumba

Dalali alipomaliza kupanda ngazi arobaini na moja za kilimani na kuingia sebuleni, hakukubali kuketi. Alisimama katikati ya chumba akageuka polepole, kama mtu anayepigwa picha ya pasipoti pande zote, huku jasho likimtiririka nyuma ya masikio. Ukuta wa kushoto ulikuwa wa kijani. Wa kulia ulikuwa wa buluu. Ule wenye dirisha ulikuwa na rangi ya boga, na ule wa mlangoni ulikuwa hudhurungi chini na krimu juu, umegawanywa na mstari mnyoofu ambao hata rula ingeuonea wivu.

"Hapa mnaishi wangapi?" aliuliza.

"Wawili," alijibu mama mwenye nyumba. "Watoto walishaondoka, wana kwao."

"Nilidhani ni familia nne zisizosalimiana."

Mama alicheka. Mumewe hakucheka. Mumewe alikuwa fundi rangi, na mtaa mzima ulimwita Fundi tu, mkewe akiwemo. Kwa miaka thelathini na minne alipaka nyumba za watu, na kila kazi ilipoisha, kopo lililobaki na rangi lilipanda ngazi pamoja naye. Kijani kile kilikuwa cha benki. Buluu ilikuwa ya zahanati. Boga lilitoka katika duka la viatu lililofungwa kabla rangi yake haijakauka vizuri, na ukuta wa mlangoni uligawanywa sehemu mbili kwa sababu korido ya shule haikubakiza rangi ya kutosha ukuta mzima. Nyumba yao haikuwahi kununuliwa rangi hata kijiko kimoja, na Fundi alilitaja jambo hilo mbele ya wageni kwa sauti ile ambayo wengine huitumia kutaja shahada za watoto wao.

"Mzee wangu," dalali alisema, "mnunuzi akiingia ndani ya nyumba anatakiwa ajione yeye. Hapa anawaona nyinyi. Anaiona benki, anaiona zahanati. Nani atanunua nyumba akiwa kwenye foleni?"

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo rangi moja. Nyumba nzima. Nyepesi, iliyotulia. Kama maziwa."

"Maziwa gani?"

"Maziwa tu, mzee. Ya kawaida."

"Kuna maziwa yaliyochemka, kuna mabichi, kuna ya unga," Fundi alisema, akihesabu kwa vidole. "Kuna yaliyokaa siku mbili. Hayo ni makopo manne tofauti. Sema unataka lipi."

Dalali alimtazama mama, kama anayeomba kuokolewa. Mama ndiye aliyekuwa amemwita. Alikuwa na kibanda cha nyuzi, zipu na vifungo sokoni, na Fundi alimwita Bibi Uzi kila alipotaka kumtania, yaani siku nyingi za wiki. Goti lake la kulia lilikuwa limegoma tangu mwaka uliopita. Kila jioni alipofika ngazi ya ishirini alisimama na kujifanya anaangalia nguo za majirani zilizoanikwa, mpaka majirani wakaanza kudhani anazitamani. Sasa alikuwa amepata nyumba ndogo jirani na soko, vyumba viwili, mlango wake unafungukia barabarani bila ngazi hata moja. Mwenye nyumba ile, mwalimu mstaafu, alikubali kumngojea hadi mwisho wa mwezi. Siku ya kwanza ya mwezi unaofuata angempa mtu mwingine, na alimweleza hivyo kwa upole uleule ambao bila shaka aliutumia kuwagawia wanafunzi karatasi za mtihani.

Leo ilikuwa tarehe nne.

"Yaliyochemka," mama alisema. "Tupake ya maziwa yaliyochemka."

Dalali alipoondoka, akiwa ameagiza pia picha za familia ziondolewe ukutani na kiti chenye mguu wa kuungwa kifichwe kwa jirani, Fundi alibaki amekunja uso.

"Mimi nifundishwe rangi," alisema, "na mtu aliyechomekea fulana."

---

Siku mbili baadaye mama alirudi kutoka sokoni akakuta makopo yamepangwa mlangoni, turubai limekunjwa, na Fundi ameketi barazani akijipepea kwa shati. Kazi ilikuwa imeisha, rangi imepigwa mara mbili, sebule na vyumba vyote viwili. Alichungulia ndani. Akarudi nje. Akachungulia tena.

"Fundi, mbona buluu?"

"Buluu iko wapi?"

"Ukutani."

"Hiyo ni nyeupe," Fundi alisema. "Nyeupe ya kweli. Ile ya dukani ilikuja na njano ndani yake, nikaiua njano."

"Umeiua ukaizika na kuimwagia maji. Haya ni maziwa ya mgonjwa."

"Ikikauka itatulia."

Ilikauka, haikutulia. Wanunuzi wa kwanza walikuja Jumamosi, mke na mume, makarani wote wawili, vijana waliovaa vizuri na kushikana mikono hata katika mlango usiotosha watu wawili. Jua la saa nane lilikuwa likichoma mabati mpaka yanalia. Yule mke alisimama sebuleni, akajikumbatia.

"Hapa huwa pana baridi hivi?"

"Ni nyumba yenye hewa, dada," dalali alisema haraka, huku akijifuta jasho kwa leso.

Mumewe alifunga kifungo cha koti. Walichungulia vyumba, wakasema nyumba ni nzuri, wakasema watawasiliana, na wakateremka ngazi kwa kasi ya watu wanaolifuata jua. Mama alihesabu dakika nne tangu walipoingia.

"Joto, mzee," dalali alimwambia Fundi kwenye simu jioni ile. "Tia joto kidogo. Mtu aingie ahisi amekaribishwa."

Fundi alichanganya tena. Safari hii alijifungia chumbani na ndoo zake, akisema mafusho yatamdhuru mkewe kifua. Mama alikuwa ameshafika sokoni ndipo alipokumbuka kwamba rangi ya maji haina mafusho. Aliporudi, nyumba ilikuwa na rangi ya ufizi. Haikuwa waridi wala zambarau. Ilikuwa ufizi hasa, ule unaoonekana mtu anapomfungulia daktari wa meno kinywa. Kila alipokaa sebuleni alihisi amemezwa.

"Hili ndilo joto?" aliuliza.

"Waliomba joto."

"Waliomba wakaribishwe, hawakuomba watafunwe."

Mnunuzi wa pili alikuwa mzee mstaafu mwenye fimbo nzuri, aliyeletwa na bintiye. Alipanda ngazi zote arobaini na moja bila kupumzika, akataka kuona chumba cha kulala. Mle ndani akajitazama kwenye kioo cha kabati, na kuta zile zikamrudishia uso ambao hata yeye hakuutambua. Bintiye alimtazama kwa nyuma.

"Baba, dawa zako umemeza leo?"

"Nimemeza. Kwani vipi?"

"Hebu keti kwanza."

Wakamkalisha. Mama akaleta maji. Binti akampima baba yake homa kwa kiganja, mara paji la uso, mara shingoni, na mwishowe wakamteremsha ngazi wamemshika huku na huku. Walipofika ile ngazi ya ishirini, mama alimwona kwa mbali mzee akijinasua na kutembea zake mzima wa afya, fimbo ikiwa kwapani. Lakini kurudi hawakurudi.

"Mama," dalali alisema kwenye simu, sauti imepoa, "mmebakiwa na siku tisa. Na mimi nina jina langu mjini."

---

Hapo ndipo mama alipoanza kujumlisha mambo.

Kulikuwa na hadithi ambayo Fundi aliisimulia katika kila sherehe, hasa watu waliposhiba. Mwenye mgahawa mmoja alimlalamikia kwamba wateja wake wanakunywa kikombe kimoja cha chai na kusoma gazeti mpaka adhuhuri. Fundi akampakia kuta nyekundu ya aina yake, ambayo aliichanganya mwenyewe, na tangu siku hiyo watu walimeza chai ikiwa moto na kuondoka bila kujua kinachowafukuza. "Mimi," Fundi humalizia, "nina uwezo wa kumtoa mtu ndani ya nyumba bila kumgusa."

Sasa mtu huyohuyo alikuwa ameambiwa wauze nyumba ambayo alipandisha mchanga wake kwa kichwa, mfuko kwa mfuko, kabla hata ngazi hazijajengwa. Na mkewe alipomwambia wahame, alijibu sawa. Hakubisha hata kidogo. Mama alijilaumu kwa kutoitilia shaka ile sawa.

Alimkuta jikoni akiosha brashi.

"Fundi, unawafukuza watu."

"Watu gani?"

"Wanunuzi. Unawafukuza kwa rangi, kama ulivyofanya kule mgahawani. Buluu ile, na huu ufizi. Wewe si mtu wa kukosea rangi mara mbili."

Fundi aliinua brashi kutoka majini. Aliitazama brashi, akaikamua, akaitazama tena. Halafu mabega yake yakashuka, na usoni mwake kukapita kitu ambacho mama alidhani ni aibu.

"Ndiyo," alisema.

"Ndiyo nini?"

"Ndiyo, nimefanya makusudi. Sitaki kuhama. Nimekosa, mke wangu, unisamehe."

Mama alikuwa amejiandaa kwa ugomvi wa saa nzima. Alikuja na hoja sita, amezipanga kuanzia ndogo hadi ile ya goti, na sasa hakuwa na pa kuziweka. Alibaki amesimama mlangoni kama mtu aliyeusukuma mlango uliokuwa wazi.

"Goti langu hukulifikiria?"

"Nimekosa," Fundi alirudia, na akaendelea kuosha brashi iliyokwisha takata.

---

Kesho yake kibandani fundi cherehani mmoja alimletea kipande cha kitambaa, akataka uzi wa kufanana nacho. Mama alikiinua kwenye mwanga, akakitazama mara moja, akanyoosha mkono bila kugeuka na kutoa kijiti cha uzi kwenye safu ya nne. Walilinganisha. Uzi ulizama ndani ya kitambaa usionekane. Yule fundi alilipa akaenda zake, na mama akabaki ameshika tama.

Kilichomsumbua kilikuwa lile neno "nimekosa".

Alikuwa ameolewa na mtu huyu kwa miaka thelathini na minne. Fundi aliwahi kumchomea gauni kwa pasi, akasema umeme uliongezeka ghafla. Aliwahi kukalia miwani ya mama mkwe wake, akasema miwani ya siku hizi haina uvumilivu. Alisahau siku ya kwenda kuchukua matokeo ya mtoto, akabishana na mwalimu mkuu kwamba ni shule iliyobadili kalenda. Hakuna kosa ambalo Fundi aliwahi kulikiri kabla ya wiki mbili kupita, na mengine alikuwa bado anayatafakari. Jana alikiri kabla brashi haijakauka, na msamaha akaongeza juu.

Mtu wa namna hiyo, mama aliwaza, anaficha kitu kikubwa kuliko kosa alilokiri.

Jioni, jua bado likiwa juu, alikaa barazani na suruali ya Fundi ya buluu iliyoiva, ambayo pindo lake lilikuwa limefumuka.

"Fundi, niletee uzi wa kushonea suruali yako. Buluu iliyoiva kama hii. Umo ndani ya kopo la biskuti."

Fundi aliingia ndani. Alikawia. Kupitia dirisha mama alimwona amesimama na kopo, akikiinua kijiti kimoja, akikisogeza karibu na pua, akikirudisha, akichukua kingine. Mwishowe akatoka akitembea kwa uhakika wa mwenye mali.

"Huu hapa."

Ulikuwa uzi wa kijani.

Mama aliupokea. "Ndio wenyewe," alisema. "Asante." Na akaona kifua cha mumewe kikitua, kama cha mtu aliyevuka daraja bovu akafika ng'ambo.

Alishona pindo lile lote kwa uzi wa kijani, kushona kudogo kudogo kwa makini, na katika ile robo saa akaona mambo yaliyokuwa mbele yake siku zote. Kazi zilizokoma miaka miwili iliyopita, naye Fundi akasema anapumzika, ati watu wa siku hizi hawajui rangi. Kule kuchanganya akiwa amejifungia. Njano aliyoiua ilhali haikuwapo. Alipofika mguu wa pili wa suruali alikuwa amekasirika kidogo. Mwanaume mzima ameona afadhali aonekane mwovu kuliko aonekane mtu asiyeona vizuri.

Fundi alivaa suruali ile siku mbili. Sokoni watu walimtazama miguuni, lakini nani angethubutu kumweleza fundi rangi habari za rangi.

Mama angeweza kumwambia ukweli, lakini angekanusha, wangegombana, na siku zilikuwa saba. Angeweza kuita fundi mwingine. Lakini kuleta fundi mwingine apake nyumba ya Fundi, na mtaa mzima ukishuhudia ngazi zinavyopandwa, ilikuwa sawa na kumvua mumewe shati katikati ya soko. Alilifikiria jambo hilo uso ukiwa mzito, kisha akaona njia, na njia yenyewe Fundi alikuwa ameilima kwa mkono wake.

---

"Kuanzia leo nakuchunga," alimwambia asubuhi, baada ya kufunga kibanda chake kwa siku tatu.

"Kunichunga?"

"Wewe si mkosaji uliyekiri? Utachanganya mbele yangu, tone kwa tone. Sikuamini hata chembe."

Kukataa ni kusema hakukosa, na kama hakukosa, basi ule ufizi ulitoka wapi. Fundi akavuta ndoo ya rangi nyeupe katikati ya sebule, akapanga chupa zake ndogo za kuchanganyia, kila moja na karatasi iliyoandikwa jina lake kwa herufi kubwa mno, na akachukua bomba la sindano lisilo na sindano ambalo hupimia matone. Mama aligeuza ndoo nyingine kifudifudi, akaikalia, akanyoosha goti lake.

"Tia njano," alisema.

"Matone mangapi?"

"Fundi ni wewe."

"Na askari ni wewe."

"Manne."

Fundi alitia manne, akakoroga kwa ubao. "Inasemaje?"

"Bado inasema hospitali."

"Mawili zaidi. Sasa?"

"Sasa inasema hospitali ya kulipia."

"Tutie nyekundu kidogo basi."

"Ukigusa hiyo nyekundu naita mashahidi."

Fundi alicheka, mara ya kwanza kwa wiki nzima. Aliketi juu ya visigino, akafikiri. "Nyeusi," alisema. "Tone moja tu. Nyeusi inaishika njano isipige kelele. Watu huiogopa, lakini bila nyeusi hakuna rangi inayotulia."

Hilo mama hakulijua. Alimwacha atie, akaangalia jinsi rangi ilivyotanda ndani ya ndoo, kwanza mistari kama moshi, halafu ikanywea, halafu ikawa kitu kingine kabisa. Akasogea karibu.

"Hebu subiri," alisema. "Imekuwa kama chai ya maziwa iliyosahauliwa mezani mpaka ikafanya ngozi."

"Ngozi ya juu au chai ya chini?"

"Ngozi."

"Basi acha. Hiyo usiiguse." Fundi aliweka bomba chini taratibu, kana kwamba ndoo ilikuwa imelala. Kisha akasema, bila kumtazama, "Kwani wewe rangi ulijifunzia wapi?"

"Nimeuza uzi miaka ishirini na miwili. Ulidhani nauza kwa harufu?"

Wakapaka. Mkono wa Fundi haukuwa umesahau kitu. Kona zilitoka kali, mstari wa darini ukanyooka bila utepe wala uzi. Ni pale rola iliporuka tu, ufizi ukabaki unachungulia, ndipo mama alipoita kutoka kwenye ndoo yake.

"Mkosaji, hapo umeruka makusudi."

"Wapi?"

"Kushoto kwa dirisha. Usawa wa bega."

Fundi alirudi kushoto kwa dirisha, usawa wa bega, akapaka. Hakuuliza mara ya pili, wala hakubisha kwamba hakuruka. Kufikia siku ya tatu, mama aliacha hata kusema mkosaji. Alisema tu kulia, juu kidogo, hapo, na rola ikafika. Kama alijua kwamba mkewe anajua, hakusema. Mama naye hakumuuliza. Walipomaliza waliketi sakafuni katikati ya sebule tupu wakala mkate, na kwa mara ya kwanza kuta zile hazikumkumbusha mtu benki wala zahanati.

"Ni nzuri?" Fundi aliuliza.

"Ni nzuri," mama alisema.

---

Wanunuzi wa tatu walikuja zikiwa zimebaki siku mbili. Mke alikuwa mpishi wa shule, mwenye mikono mikubwa na sauti ya mtu aliyezoea kushindana na kelele za sufuria. Mumewe alikuwa dereva wa lori, na kabla hata hajafika mlangoni alikuwa ameshatangaza kwamba amehesabu ngazi na ni arobaini.

"Shikamooni," wote wawili walisema.

"Marahaba, karibuni," mama alijibu. "Ni arobaini na moja. Ya kwanza imevunjika pembeni, watu huiruka."

Dalali alimkonyeza anyamaze.

Mpishi aliingia sebuleni, akasimama, mikono ikamshuka. Alizunguka ukuta kwa ukuta. Akaingia chumbani, akajitazama kwenye kioo cha kabati, akarekebisha kitambaa cha kichwa, akajitazama tena, na safari ya pili ilikuwa kwa kujipenda tu.

"Mume wangu," aliita, "njoo uone. Humu mtu unapumua."

Dalali alitabasamu kana kwamba rola aliishika yeye. Bei ilitajwa, dereva akakuna kidevu, lakini alikikuna ili tu aonekane amekikuna. Mpishi akafungua mkoba wake, akatoa kipande cha blanketi kuukuu, pembe tu iliyobaki, kimefuliwa mpaka kimelainika kama sikio la mbuzi.

"Chumba kile kidogo kitakuwa cha binti yetu," alisema. "Ana miaka mitano, na halali bila hiki. Hatutaki alie akifika nyumba ngeni. Mtupakie chumba chake rangi hii hasa, na malipo ya kwanza tunatoa leo leo. Mzee, utaweza kuipata?"

Na akakiweka kitambaa kile mkononi mwa Fundi.

Mama aliona vidole vya mumewe vikikifumbata. Alikuwa karibu, na akachangamka haraka.

"Nipe mimi," alisema, akicheka. "Huyu simwamini hata kidogo. Juzijuzi tu ameniharibia kuta kwa makusudi."

Dalali akacheka. Dereva akacheka. Mlango ulikuwa wazi, Fundi alichotakiwa ni kucheka nao, ampe mkewe kile kitambaa, na mambo yaishe. Badala yake alikipeleka dirishani. Akakigeuza upande huu na upande ule, akakisugua kwa kidole gumba.

"Ni pamba," alisema. "Hilo naweza kukwambia. Rangi yake siijui."

"Kimepauka, mzee, ni kweli," mpishi alisema kwa upole.

"Kitambaa hakina kosa, binti yangu. Ni mimi. Mwaka wa pili huu naona kila kitu kama niko ndani ya chupa ya asali." Alielekeza kidevu kwa mkewe. "Kuta hizi nimechanganya mimi, nimepaka mimi. Ila aliyeziona ni yeye."

Dalali macho yalimtoka pima. "Mzee anatania," alisema. "Huwa anatania sana huyu."

"Sitanii. Na yale ya makusudi," Fundi aliendelea, sasa akimtazama mkewe, "sikufanya makusudi. Nilikudanganya."

"Najua."

"Tangu lini?"

"Tangu ulipokiri. Wewe na kukiri wapi na wapi."

Dereva alikuwa ameinua macho darini, akilitazama paa kwa namna ambayo hakulitazama mwanzo. "Samahani, mzee," alisema. "Na paa je? Maana kama macho yamefichwa miaka miwili, huenda na paa linajua kunyamaza."

Mama aliona mwalimu mstaafu akimkabidhi mtu mwingine ufunguo. Aliuona mlango ule usio na ngazi ukifungwa. Lakini mumewe alikuwa amekwisha kusema lake mbele za watu, na hakuona namna ya kumwacha peke yake pale alipofika.

"Paa ni zima," alisema. "Bomba la bafuni hulia alfajiri, ukilipiga kofi linanyamaza. Na tunauza kwa sababu ya ngazi. Goti langu limezikataa."

Dalali alifumba macho, midomo ikicheza kama anayesoma dua.

Mpishi alimtazama mama kutoka usoni hadi kwenye goti, kisha akajitazama magoti yake mwenyewe, yote mawili, kama anayeyauliza. "Mimi hubeba masufuria ya kulisha watoto mia tatu," alisema. "Ngazi tutaelewana." Akamgeukia mumewe. "Wewe unasemaje?"

Dereva aliomba kupunguziwa. Hakuomba cha kuumiza. Aliomba cha kutosha tu kwenda kuwaambia mashemeji zake kwamba alipunguziwa. Mama alipiga hesabu kichwani: pesa za nyumba ya mwalimu zilitosha, za mapazia mapya hazikutosha. Akakubali. Hapo ndipo dalali alipofumbua macho.

"Baba yangu alikuwa hivyo hivyo," dereva alimwambia Fundi, sasa akiwa ameketi na kunyoosha miguu kama mtu wa nyumbani. "Ni mtoto wa jicho. Walimtoa asubuhi, mchana akala kwake. Sasa ni taabu tupu, anaona mpaka vumbi juu ya boneti ya lori langu akiwa barazani."

"Anaona vyote?"

"Vyote, mzee. Na rangi zake."

Fundi alilipokea jambo hilo polepole. Alizungusha uso sebuleni, ukuta mmoja baada ya mwingine, akikaza macho kama anayejaribu kuwatambua watu kwa mbali.

"Basi lipeni leo," alisema mwishowe. "Mimi nitakwenda kutibiwa wiki ijayo. Sitaki nifumbue macho nikiwa bado mwenye hizi kuta."

"Hizi kuta zina nini?" mama aliuliza, mikono kiunoni.

"Sijui. Ndiyo maana naogopa."

Mpishi alicheka mpaka akashika ukuta, kisha akautoa mkono haraka na kukikagua kiganja, kama hakijatoka na rangi. Dalali alikuwa tayari anatandaza karatasi mezani, akimwonyesha dereva pa kuweka sahihi kabla mtu mwingine hajapata la kukiri.

Mama alikitwaa kitambaa mkononi mwa mumewe. Alikiinua kwenye mwanga wa dirisha, akakitazama mara moja, akatangulia kuelekea chumba kidogo.

"Lete ndoo," alimwita. "Tuanze na nyeupe."

"Nyeupe ipi?"

"Ile ninayoiona mimi."

Fundi akachukua ndoo, akamfuata.